Peptidi ya Kuziba na Neno “Tu” katika Lugha ya Maabara

Istilahi kingamwili imekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, nayo imeundwa kwa kuitazama kazi ya molekuli hiyo ndani ya mwili. Maabarani, hata hivyo, kingamwili haimkingi mtu. Tangu mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipoonyesha huko Cambridge namna ya kuzalisha bila kikomo kingamwili za aina moja, molekuli hizi zimezidi kuwa chombo cha kutafutia: mtafiti huzitia katika sampuli ili zishike protini anayoitafuta na kuonyesha ilipo. Je, zimeshika ile iliyokusudiwa?

Njia mojawapo ya kulijibu swali hilo ni kutumia peptidi, yaani kipande kifupi cha protini kilichoundwa kwa kemia, aghalabu chenye asidi amino 10 hadi 20. Uundaji huo ulirahisika baada ya Bruce Merrifield kueleza, mwaka 1963, mbinu ya kuziunganisha asidi amino moja baada ya nyingine juu ya chembe ngumu. Peptidi hiyo huwa na mfuatano uleule aliochanjwa mnyama, tuseme sungura, ili atoe kingamwili. Mtafiti huandaa tando mbili zenye protini za sampuli ileile. Utando wa kwanza hupewa kingamwili peke yake. Wa pili hupewa kingamwili iliyokwisha kuchanganywa na peptidi nyingi kuizidi. Mstari unaoonekana katika wa kwanza na kutoweka katika wa pili ndio unaohesabiwa kuwa wa kweli. (Kiingereza hukiita kipimo hiki kwa jina la magharibi. Mfasiri asitafute dira: ni utani uliotokana na jina la Edwin Southern, mbunifu wa kipimo cha DNA kinachofanana nacho.)

Mfasiri atashawishika kuiita peptidi zuizi. Sisi tunapendelea peptidi ya kuziba, kwa kuwa kuzuia hudokeza nguvu inayopambana na kosa. Hakuna mapambano hapa. Mahali pa kingamwili pa kushikia pamejazwa, basi. Mkono uliokwisha kushika kitu hauwezi kupokea kingine, kiwe halali au kiwe kinachofanana nacho. Kwa hiyo, protini ngeni yenye mfuatano unaokaribiana na ule wa peptidi nayo itatoweka katika utando wa pili, na mtafiti ataihesabu kuwa ndiyo.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Kipimo hiki kinamruhusu mwandishi kusema kwamba kingamwili inashika mfuatano huu. Hakimruhusu kusema inashika protini hii tu. Umahususi wote umo katika neno hilo dogo, na tasnifu inayoliandika kwa kutegemea peptidi peke yake imedai zaidi ya ilichopima. Pendekezo la kimataifa la uthibitishaji wa kingamwili lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Methods lilitaja nguzo tano. Peptidi ya kuziba haimo. Imo mbinu ya kuiondoa au kuidhoofisha jeni yenyewe: protini ikiwa haipo kabisa na mstari ungalipo, kingamwili imeshika kingine.

Peptidi ingali na manufaa yake, lakini kwa upande wa kukanusha. Mstari usiotoweka baada ya kuziba haukutokana na mfuatano uliokusudiwa, na mtafiti hana budi kuuacha.