Kutoka Sur hadi Shannah, bila haraka ya kurudi

Mswahili anayekwenda Oman kutembelea jamaa zake hupelekwa mahali patatu. Hupelekwa Mutrah akanunue ubani na halua, hupelekwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos akapige picha, na akibahatika kufika Julai au Agosti hupelekwa Salalah akaone manyunyu na majani mabichi. Baina ya Maskati na Salalah kuna pwani ndefu ya jangwa ambayo wengi wetu huipita kwa juu, tumefunga mikanda ndani ya ndege. Ukiwauliza wenyeji, watakwambia kule hakuna kitu: mchanga, bahari na ngamia. Ami yangu hawabishii. Huitikia kwa kichwa, kisha akachukua ufunguo wa gari.

Ami ni mhandisi wa barabara aliyestaafu. Yeye na dada yake, shangazi yangu, aliyekuwa muuguzi, ni wazaliwa wa Unguja. Walifika Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwataka Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na kilomita 10 tu za lami. Waliotoka Zanzibar walikuja na elimu yao, wakaingia maskulini, mahospitalini na wizarani, na kazi ikawameza. Ami anasema barabara nyingi alizozipima amezipita akiwa na saa mkononi na mkubwa wa kazi akimngoja mbele. Sasa anazirudia moja moja, na saa ameiacha nyumbani.

Mafuta ya kuzirudia anayapata kwa pensheni yake, na juu ya hiyo kuna nyongeza ya uzee: tangu Januari 2024 Oman inawapa raia waliotimiza miaka 60 riyali 115 kwa mwezi. Zanzibar ilitangulia, Aprili 2016, ilipoanza kuwapa wazee wa miaka 70 Pensheni Jamii ya shilingi 20,000. Viwango havikaribiani hata kidogo, na Shangazi hapendi nikivilinganisha mbele ya wageni.

Safari yenyewe inaanzia Sur, kilomita 200 hivi kutoka Maskati kwa barabara kuu ya pwani. Tulikwenda kulala huko tangu jana yake. Mtu aliyevuka miaka sabini hana sababu ya kuanza safari ya raha akiwa mgongo umeshamuuma.

Kwa mtu wa pwani yetu, Sur si mji wa kupita tu. Kando ya hori lake limesimamishwa nchi kavu jahazi la Fatah al-Khair, ghanja lililoundwa hapo hapo mwaka 1951, likasafiri, likauzwa, likaishia Yemen mpaka watu wa Sur walipolirudisha. Vyombo vya namna hii ndivyo vilivyokuwa vikishuka na kaskazi kuanzia Desemba, vimepakia tende, chumvi na papa mkavu, vikatia nanga Lamu, Mombasa, Unguja, hadi vinywa vya Rufiji. Kusi likianza vilipandisha tanga kurudi na boriti za mikoko. Nyumba za kale za huku zilipauliwa kwa boriti hizo, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti uliokatwa katika tope la Rufiji. Ami, kwa uhandisi wake, akiingia nyumba yoyote kongwe huangalia dari kwanza.

Lakini tende na boriti haviimalizi hesabu. Vyombo vya Sur vilibeba pia watu waliouzwa. Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya manahodha wa mji huu walipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikiwinda biashara hiyo, zisipate ruhusa ya kuwapekua. Ugomvi wa bendera hizo ulifikishwa Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, ambayo ilitoa uamuzi wake Agosti 1905. Shangazi hahitaji kusoma hukumu hiyo. Anakumbuka jinsi bibi yake alivyowafungia ndani Magharibi ikikaribia, msimu wa Wamanga kujaa mjini, kwa hofu ya watoto kuibwa. Tulipokuwa tumesimama chini ya tezi la Fatah al-Khair alilitazama kwa muda, akasema ni chombo kizuri, kisha akaenda kukaa garini.

Ras al Hadd, ncha ya mashariki kabisa ya Bara Arabu, tuliipita bila kukawia. Hapo jirani, Ras al Jinz, ndipo kasa wanapopanda kutaga, lakini kasa ni shughuli ya usiku na sisi ilikuwa saa mbili asubuhi. Mwenye kuwataka alale pale pale, afuatane na walinzi wa hifadhi, na asiwashe tochi ya simu.

Baada ya Ras al Hadd barabara inageuka kusini na bahari inabadilika jina na tabia. Hii sasa ni Bahari ya Arabuni, iliyo wazi mpaka kwetu, na wimbi lake linapiga kwa uzito ambao Maskati haiujui. Gari za huku zina kengele inayolia ukivuka kilomita 120 kwa saa. Ya Ami haikulia siku nzima. Vijana walitupita wakipiga honi, naye akiwapungia mkono.

Al Ashkharah tulisimama kunywa chai ya maziwa yenye iliki na chapati ya moto iliyopakwa jibini, kwenye kibanda cha Mhindi kinachotazama ufuko. Mashua zilikuwa zimekwisha kuvutwa juu, na nguru wakilazwa kwenye barafu nyuma ya magari. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitusikia tukizungumza. Akatusalimia kwa Kiswahili, taratibu, na mara moja akauliza kama soko la samaki la Malindi ya Unguja bado lipo. Baba yake alikuwa baharia. Ami akamwambia lipo, limejengwa upya kwa msaada wa Japani. Mzee hakuonekana kuridhika. Nadhani alitaka kusikia kwamba halijabadilika.

Mji huu una jambo moja la ajabu, na ni upepo unaoleta ajabu hiyo. Miezi ya Juni hadi Agosti, Maskati inapopita nyuzi 40, watu hukimbilia Al Ashkharah kutafuta baridi. Ni kusi lile lile tunalolijua Zanzibar na Mombasa. Likitoka kwetu linapita Kenya na Somalia, linaongeza kasi, na linapofika hapa linavuma sambamba na pwani. Maji ya juu husukumwa kuelekea kilindini, na ya chini, yenye baridi na chakula tele cha viumbe vya bahari, hupanda kuchukua nafasi yake. Joto la maji hushuka hata karibu nyuzi 20, katikati ya kiangazi cha Uarabuni. Ndiyo maana pwani isiyoota mgomba wala mnazi ina samaki wengi namna hii, na ndiyo maana vilevile manahodha hawakuikaribia kusi lilipochachamaa. Kwa mstaafu mwenye gari la kawaida, msimu ni Novemba hadi Februari: bahari imetulia, na jua halichomi.

Kusini ya Al Ashkharah nyumba zinakatika, na ndipo safari inapokolea. Upande wa kulia yanaanza machanga ya Sharqiya, ambayo wengi bado wanayaita Wahiba, kwa jina la kabila la mabedui wake. Kutoka kaskazini hadi kusini yana urefu wa kiasi cha kilomita 180. Kwingineko milima ya mchanga ni myekundu, lakini hapa imefifia hadi kukaribia weupe, na barabara inapita katikati, mchanga mkono mmoja na mawimbi mkono wa pili. Upepo hupeleka mchanga juu ya lami, na kuna wafanyakazi wenye makatapila ambao kazi yao ni kuuondoa, kesho yake wauondoe tena. Ami alisimamisha gari kuwatazama. Aliwauliza mambo ya kihandisi ambayo hatukuyaelewa, akarudi anacheka.

Weupe ule una sababu. Zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko ilivyo leo. Sakafu yake ikabaki wazi, imejaa vumbi la makombe na chaza, na pepo za kusini zikalizoa na kulipeleka bara. Sehemu nyingine vumbi hilo limeshikana likawa mwamba, na majabali yanayotazama bahari hapa ni mchanga uliogeuka jiwe. Chukua konzi moja ulete karibu na jicho, utaona vipande vya kombe. Shangazi alifanya hivyo, akavaa na miwani, akatangaza kwamba tangu asubuhi tulikuwa tukiendesha juu ya mafupa ya bahari.

Na si jangwa tupu. Wataalamu wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza walipoyachunguza machanga haya mwaka 1986 waliorodhesha aina 150 hivi za mimea. Mingi inaishi kwa umande na ukungu wa baharini. Mvua hapa ni habari ya miaka mingine.

Adhuhuri ilitukuta mahali pasipo na mti. Tulitandika mkeka ubavuni mwa gari, kwenye kivuli chake, tukasali kwa kupunguza na kujumuisha kama wasafiri, tukala mkate wa kumimina na sambusa za Shangazi. Kivuli kikisogea na sisi tukisogea. Ami alilala usingizi na kukoroma, na katika muda wote huo yalipita magari machache tu, karibu yote ya mabedui, ngamia amepiga magoti nyuma kwenye pikapu akitazama mbele kwa heshima zake.

Mwenye kutaka kuja ajue mambo machache. Ajaze tangi Sur na Al Ashkharah, hata kama mshale haujashuka. Abebe maji zaidi ya anayodhani atakunywa. Akitaka kuingia mchangani apunguze upepo wa matairi, au bora zaidi asiingie. Awe amefika anakokwenda kabla ya Magharibi, kwa kuwa ngamia usiku haonekani mpaka ameshafika kwenye kioo. Choo cha njiani ni mtihani, na wazee wenye sukari au matatizo ya kibofu wapange vituo vyao kwa miji, si kwa mandhari. Hili la mwisho ni la Shangazi, na alisisitiza niliandike.

Hatari kubwa kuliko zote iko mwisho wa njia, kwenye rasi ya Barr al Hikman. Huko ardhi ni uwanda mweupe wa chumvi, umenyooka mpaka macho yanachoka. Juu ni ukoko mgumu, chini ni uji. Gari likiacha njia iliyozoeleka huzama mpaka mlangoni, na kulitoa ni shughuli ya kutwa. Kwa upande wa bahari uwanda huo unageuka matope ambayo maji yakitoka hujaa ndege: zaidi ya nusu milioni wakati wa baridi, vitwitwi wadogo wa kutoka Siberia, heroe wenye miguu mirefu, na wengine ambao hupumzika tu kisha wakaendelea hadi Afrika Mashariki. Tuliwatazama kutoka barabarani kwa darubini ya Ami. Walikuwa wakila kwa pupa, bila kujali ukubwa wa uwanda.

Barabara inaishia Shannah, kwenye gati la kivuko cha kisiwa cha Masirah. Mpango ulikuwa kufika, kuona, na kurudi kulala Al Ashkharah. Lakini kivuko kilikuwa kimefunga gati, mdomo wazi, magari yakiingia. Masirah ni kisiwa cha duvi, kasa wenye vichwa vikubwa, waliokuwa wakipanda kutaga huko kwa maelfu kuliko karibu popote duniani, na ambao idadi yao imeshuka sana. Ami hajawahi kuvuka. Alipima barabara mpaka ukingo wa maji, akaitwa kwenye kazi nyingine.

Simu ikalia, ni mwanawe wa Maskati, anauliza tutarudi lini. Ami akamtazama dada yake.

"Dawa?" akauliza.

Shangazi alikuwa keshafungua mkoba anazihesabu. "Zipo za siku tatu," akasema. "Na shuka ninazo."

Ami akamwambia mwanawe mtandao huku ni mbovu, akakata, akaingiza gari kwenye foleni.