Mahindi Yauzwa Julai, Mtoto Aenda Chuo Oktoba

Akina mama wa Ufipa wana hesabu ambayo wenye mishahara hawaijui. Mfanyakazi wa ofisini hupokea fedha kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa Matai, Laela au Namanyere hupata za kutosha mara moja kwa mwaka, mahindi na maharage yakishavunwa. Naye mtoto aliyeko chuo Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam hula kila siku. Matatizo mengi ya wanafunzi wetu huanzia hapo, wala si kwamba wazazi hawawajali.

Tazama kalenda. Mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Julai, mahindi yamejaa kila ua na bei iko chini. Matokeo ya kidato cha sita hutoka karibu na wakati huo huo, lakini masomo ya vyuo vikuu huanza Oktoba au Novemba. Mama anapouza gunia la mwisho ili alipe deni la mbolea, bado hajui mwanawe atapangiwa chuo gani. Bei ikianza kupanda, hana la kuuza. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa kidato cha sita itenge magunia yake mapema, yahifadhiwe vizuri yasiliwe na dumuzi, na wote nyumbani, baba akiwemo, wajue kuwa hayo si ya kuuza ovyo wala ya kupikia pombe.

Magunia mangapi? Tuseme mwanafunzi anayejipikia anatumia nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 15, na kwa miezi minane kilo 120. Kama anakula dona, hilo ni gunia moja na robo hivi. Maharage ya gramu 100 kwa siku yatafika kilo 24, yaani debe moja na kidogo. Kwa familia inayolima, chakula hiki si mzigo wa kutisha. Kinachotisha ni fedha taslimu.

Hata hivyo usipakie gunia kwenye basi la Tunduma kabla hujauliza mtoto atalala wapi. Mabweni mengi ya vyuo hayaruhusu kupika chumbani, na anayekaa huko atanunua chakula kantini au kwa mama ntilie. Huyo gunia halimfai. Liuzwe, apelekewe fedha. Anayepanga chumba mtaani ndiye wa kubebeshwa unga, maharage na dumu la mafuta yetu ya alizeti.

Chumba nacho kina mtego wake. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja. Tuseme ni shilingi 40,000 kwa mwezi, naye anataka ya miezi sita: hizo ni 240,000 siku ya kwanza, kabla ya godoro, ndoo, sufuria, jiko, umeme wa LUKU na nauli. Ni heri wasichana wawili wanaofahamiana wapange pamoja, lakini wakubaliane mapema nani ananunua mkaa au gesi. Ugomvi wa jiko umevunja urafiki mwingi kuliko tunavyodhani! Blanketi zito asilisahau akienda Mbeya, maana baridi ya huko ni ndugu ya baridi ya Sumbawanga. Akienda Dar es Salaam, chandarua kitamfaa zaidi.

“Si atapata mkopo?” wengi huuliza. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, husaidia wengi, lakini si kila aombaye hupata. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Zamani ilikuwa 8,500. Wanafunzi huiita “bumu”, nayo huja kwa mkupuo. Ya siku 60 ni shilingi 600,000, na kijana ambaye hajawahi kushika hata laki moja anaweza kuzimaliza kwa wiki mbili. Wa mwaka wa kwanza huenda akaingoja kwa wiki kadhaa baada ya kufika. Basi fedha za mwezi wa kwanza zitoke nyumbani, hata kama jina lake limo kwenye orodha. Wala asisahau kwamba huo ni mkopo: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

Wiki hizo za kungoja ndizo za hatari. Msichana aliyeishiwa unga, na anayeona haya kupiga simu nyumbani, hujikuta akilipiwa chakula na kodi na mwanamume ambaye atadai malipo yake baadaye. Mwambie binti yako kabla hajaondoka kwamba kuomba unga kwa mama si aibu. Wavulana nao hukimbilia mikopo ya “kausha damu”, riba ikawazidi.

Zungumzeni pia tarehe za kutuma fedha. Elfu tano leo na elfu tatu kesho huliwa na makato ya simu. Afadhali mara moja kwa mwezi, kwa siku inayojulikana. Januari na Februari nyumbani hakuna kitu, fedha imeingia kwenye mbolea na palizi, na mtoto aelezwe hivyo tangu Oktoba. Ndiyo sababu gunia moja la akiba libaki limefungwa hadi Machi, wakati mahindi huwa yameadimika sokoni, liuzwe kwa ajili ya muhula wa pili.