Gari la kifahari lililotumika: Bei hushuka, gharama hubaki

MAHINDI yanapouzwa baada ya mavuno, au mkopo wa chama cha akiba unapoidhinishwa, si ajabu kuona Mercedes-Benz au BMW ikiingia katika boma moja la Yamumbi, viungani mwa jiji la Eldoret. Gari ambalo lilipokuwa jipya lilinunuliwa na matajiri wachache, leo hupatikana kwa bei ya gari dogo la kawaida.

Hapo ndipo penye mtego. Thamani ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Giaboksi, pampu ya breki au springi za hewa za gari la kifahari hugharimu kulingana na hadhi ya gari hilo lilipotoka kiwandani, si kulingana na kiasi alicholipa mmiliki wa nne. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Mnunuzi hana budi kujiuliza si tu iwapo anaweza kulinunua gari, bali iwapo anaweza kulitunza.

Sheria za Kenya haziruhusu kuagizwa kwa gari ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hivyo basi, Mercedes E-Class ya W211, iliyoundwa kati ya 2002 na 2009, au BMW ya E60, iliyotoka kati ya 2003 na 2010, haiwezi tena kuwa mgeni kutoka Japan. Imeshapita katika mikono kadhaa humu nchini, na matendo ya mikono hiyo ndiyo mnunuzi anayoyarithi.

Hati kabla ya injini

Ukaguzi huanza kwenye karatasi. Kwa ada ndogo, mnunuzi anaweza kupata rekodi ya gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kupitia mtandao wa eCitizen. Rekodi hiyo humwonyesha mmiliki halali. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwapo kando ya jina la muuzaji, gari hilo ni dhamana ya deni, na mkopeshaji anaweza kulitwaa hata likiwa tayari limelala Yamumbi.

Nambari za chesisi na injini zilizochongwa kwenye gari zilinganishwe na zile za hati, tarakimu kwa tarakimu. Chuma kilichokwaruzwa au kuchomelewa upya mahali pa nambari ni sababu tosha ya kuondoka.

Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, kwa kuwa hurudishwa nyuma kwa urahisi. Zilinganishwe na stakabadhi za matengenezo na vibandiko vya kubadilisha oili. Usukani uliong'aa kwa kushikwa, pedali zilizolika na kiti cha dereva kilichobonyea havipatani na gari linalodaiwa kutembea kilomita 60,000 pekee.

Injini iwe baridi

Muuzaji aombwe mapema asiliwashe gari. Injini iliyopata moto huficha maradhi mengi. Linapowashwa asubuhi, fundi asikilize mlio wa mnyororo wa ndani ya injini. Injini za silinda nne za Mercedes aina ya M271, zilizotumika katika magari mengi ya C-Class na E-Class, zinajulikana kwa mnyororo unaolegea. Kelele za sekunde chache zinaweza kuwa onyo la ukarabati mkubwa.

Moshi nao una lugha yake. Wa buluu humaanisha oili inaungua; mweusi, petroli imezidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji yanaingia ndani ya silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa hutoa ushahidi huohuo.

Mwinuko wa Eldoret huzidisha mtihani huu. Mji huo uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na ile iliyochoka huumbuka. Gari lililoonekana jepesi Mombasa laweza kuwa zito likipanda Timboroa. Aidha, maji yasiyo na shinikizo huchemka Eldoret yakifikia nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kwa sababu hiyo kifuniko cha redieta kilicholegea, au maji matupu yaliyotiwa badala ya kipozaji maalumu, huleta madhara upesi zaidi.

Udhaifu unaojulikana

Kila muundo una kidonda chake. W211 zilizotengenezwa kabla ya mageuzi ya 2006 zina breki za kielektroniki ziitwazo SBC. Kampuni iliyaita tena magari mengi kwa ajili ya mfumo huo mnamo 2004 na 2005, kisha ikauacha. Pampu yake huhesabu matumizi, na hesabu ikitimia taa nyekundu huwaka. BMW nyingi za silinda sita za injini ya N52 zina pampu ya maji inayoendeshwa kwa umeme. Ikifa ghafla, injini huchemka.

Toyota Crown ni nafuu kidogo katika hili. Injini yake ya lita 2.5 aina ya 4GR ndiyo iliyomo katika Mark X, hivyo mafundi wengi wanaijua na vipuri vyake hupatikana.

Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha injini, taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini ikinguruma. Taa ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa huenda ilizibwa makusudi. Fundi aunganishe kompyuta ya kupima hitilafu, tena arudie baada ya mwendo wa kilomita kadhaa, kwani makosa yaliyofutwa asubuhi hujitokeza tena.

Barabara haina unafiki

Majaribio yasiishie kwenye lami. Gari lipelekwe kwenye barabara ya murram yenye mashimo, ambako ndiko litakakoishi. Migongo ya mpira iliyopasuka na shokomzoba zilizovuja hupiga kelele. Gari lenye springi za hewa liachwe usiku kucha. Likipatikana limeinama upande mmoja asubuhi, hewa inavuja. Giaboksi ibadilishe gia bila kushtuka, injini ikiwa baridi na ikiwa moto.

Mikanda ya viti ivutwe hadi mwisho. Matope au madoa mwishoni mwake, pamoja na kutu kwenye vyuma vya chini ya viti, ni dalili ya gari lililozama majini. Nyaya zake huoza polepole, na hakuna fundi awezaye kumaliza matatizo hayo.

Kabla ya kukubali bei, mnunuzi apige hesabu ya mwisho. Atembelee maduka ya vipuri Eldoret na kuuliza bei ya tairi nne, breki, shokomzoba, pampu ya maji na huduma ya giaboksi. Jumla hiyo aiongeze kwenye bei ya gari. Ikiwa akiba yake inaishia siku ya ununuzi, gari hilo si lake. Atalisimamisha uani likiliwa na kutu huku mkopo ukiendelea kukatwa.

Malipo yapitie benki, makubaliano yaandikwe, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe kwenye eCitizen. Muuzaji anayekataa injini baridi, fundi wa mnunuzi au upekuzi wa rekodi ameshatoa jibu. Yamumbi haina uhaba wa magari ya kuuzwa, lakini shamba au akiba iliyopotea kwa gari moja huchukua miaka kurejeshwa.