Damu Inapotuama Miguuni
Mwaka 2003 madaktari wa New Zealand waliandika juu ya mwanamume wa miaka 32 aliyenusurika kifo baada ya damu kuganda mguuni na mabonge yake kufika mapafuni. Alikuwa akiketi mbele ya kompyuta saa 12 kwa siku, pengine hata 18.

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada mkubwa wa misuli ya mashavu ya miguu, ambayo huikamua mishipa ya vena kila mtu anapopiga hatua. Aketiye bila kusogea huizima pampu hiyo, hata kiti chake kiwe cha thamani namna gani. Yafaa basi ainuke na kutembea kidogo kila saa. Kazi ikimbana, apandishe na kushusha visigino papo hapo alipo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe: mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikimpaa ghafla au kifua kikimchoma, asingoje hata saa moja.