Jengeni Reli ya Sigi Juu ya Ubao

Bila shaka umekwisha kuwaona watoto uani wakifunganisha makopo matupu kwa kamba, na mmoja wao akiita kwa sauti, "Muheza! Korogwe! Mombo!" Mchezo huo usiudharau. Ukikaa nao jioni chache pamoja na ubao, kisu na rula, mchezo utageuka kuwa shule. Basi leo tutazame namna ya kutengeneza mfano wa reli, wala si reli ya kubuni, bali reli iliyokuwako kweli katika nchi ya Tanga.

Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa Tanzania bara. Wajerumani waliianza mwaka 1893. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, kama kilometa 40. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali yao ikaichukua. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911.

Sasa shika rula. Upana wa njia hiyo, yaani nafasi iliyopo kati ya reli mbili, ni meta 1. Tukipunguza kila kitu mara 50, upana huo utakuwa sentimeta 2, na mtu mzima atakuwa na urefu wa sentimeta 3 na nusu hivi. Lakini hesabu hiyo hiyo itakushangaza: kutoka Tanga hadi Muheza kutakuwa meta 800! Nani ana ubao wa namna hiyo? Ndiyo maana yakupasa kuchagua kipande kidogo.

Mimi nakushauri uchague reli ya Sigi. Ilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaanzia Tengeni, penye reli kubwa, ikapanda milima ya Usambara hadi Sigi, chini ya Amani. Urefu wake ulikuwa kilometa 23 hivi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushusha magogo na mbao. Kwa sababu ya milima na kona kali, njia yake ilikuwa nyembamba, sentimeta 75 tu. Kwa hiyo behewa la Sigi halikuweza kupita katika reli kubwa. Mzigo ulipofika Tengeni ulipaswa kushushwa na kupakiwa tena. Katika mfano wako njia hii itakuwa na upana wa sentimeta 1 na nusu. Ziweke njia mbili ubavu kwa ubavu, na mtoto ataielewa kazi ya wapagazi wa Tengeni bila kuambiwa.

Jambo la pili ni mlima. Tuseme ubao wako una urefu wa sentimeta 160, na unataka reli ipande sentimeta 1 kwa kila sentimeta 40. Ukienda moja kwa moja utapanda sentimeta 4, basi, ubao umekwisha. Wajenzi wa Sigi walitumia njia ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Gari lilipanda likaingia katika mkia wa reli usioendelea, likasimama. Ulimi wa reli ukageuzwa, na gari likapanda kipande cha pili kinyumenyume. Kwa vipande vitatu vya namna hiyo wewe nawe utafika karibu sentimeta 12, juu ya ubao ule ule.

Hapo nilikosea mimi mwenyewe. Nilitengeneza mkia wenye urefu wa injini tu. Mzee mmoja wa kijijini, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, alitazama akacheka. Akaniuliza, "Mwanangu, na mabehewa umeyaacha wapi?" Kweli, mabehewa yangu matatu yalibaki nje ya mkia, na ulimi wa reli haukuweza kugeuzwa. Nikavunja, nikajenga upya. Mzee yule hatunaye tena. Kama nisingemwita siku ile, ningeendelea kuwafundisha watoto uongo.

Vifaa havina gharama. Mlingoti mkavu wa mkonge ni laini, hukatwa kwa kisu cha jikoni; hutoa mabehewa, stesheni na magogo. Mataruma yapasue katika mwanzi, na reli ziwe za waya ulionyoshwa vizuri. Magurudumu yakate katika kandambili zilizochakaa: duara dogo, na nyuma yake duara kubwa kidogo, ili ukingo wake upite upande wa ndani wa reli na kulizuia behewa lisianguke. Milima ifinyange kwa karatasi kuukuu zilizolowekwa katika uji wa unga wa muhogo. Iache ikauke siku tatu kabla ya kutandika njia.

Lakini waonye watoto: wasichukue nati, msumari wala kokoto katika reli ya kweli, hata kama njia yaonekana imelala. Njia ya Moshi ililala miaka mingi, na Desemba 2019 magari ya abiria yalirudi.

Reli ya Sigi yenyewe haitarudi, iling'olewa zamani. Kwa hiyo, kabla hamjapiga msumari wa kwanza, mtafuteni katika kijiji chenu mzee aliyefanya kazi relini au katika mashamba ya mkonge yaliyokuwa na vijireli vyao. Mpeni kiti, mwulizeni, na mtoto anayejua kuandika aandike majibu katika daftari. Mfano ukiisha, mwiteni aukague. Akicheka, msione haya. Vunjeni palipokosewa, mjenge tena.