Kusugua prosesa kwa msasa: dawa ya joto au njia ya kuua mashini?

Kwenye milima ya Masisi, kuanzia Nyamitaba hadi Kitchanga, asubuhi ni ya makoti. Kompyuta haijui baridi hiyo. Katika nyumba ndogo za sekretaria, ambako mtu anakuja kuchapisha barua ya kuomba kazi, orodha ya wanafunzi ao hati ya shamba, mashini huanza kuvuma, halafu inakuwa polepole, kisha inajizima yenyewe. Mteja anasubiri huku mafuta ya jenereta yanaendelea kuwaka.

Mara nyingi chanzo ni joto la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Prosesa nyingi za Intel zikifika karibu digrii 100 hujipunguzia mwendo ili zisiungue. Joto likizidi hapo, mashini inazima.

Kuna mbinu moja ambayo wapenzi wa kompyuta huko Ulaya na Marekani wameitumia kwa zaidi ya miaka 20, na sasa fundi yeyote mwenye intaneti anaweza kuiona kwenye video: kusugua kifuniko cha prosesa kwa msasa mpaka kiwe bapa kabisa.

Kifuniko hicho ni kipande cha shaba kilichopakwa nikeli, kinachokaa juu ya chipu na kupeleka joto kwenye radiateri. Kwa macho kinaonekana kimenyooka. Lakini ukisimamisha wembe juu yake mbele ya mwanga, wakati mwingine utaona mwanga unapita chini: katikati kimebonyea ao kingo zimeinuka. Nafasi hiyo ndogo ni shida, kwa sababu shaba inapitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Pasta ya joto inayopakwa katikati inasaidia kuziba mianya, lakini nayo ni dhaifu sana ikilinganishwa na shaba.

Kazi yenyewe inataka uvumilivu. Msasa unaolowekwa maji unalazwa juu ya kioo kinene, maana meza ya mbao haiko bapa vya kutosha. Fundi anachora mistari ya kalamu juu ya kifuniko, anasugua bila kukandamiza, na kila mara anakigeuza robo. Pale mistari inapofutika kwanza ndipo palipoinuka. Anaanza na msasa namba 400, kisha 800, 1000, hadi 2000. Rangi ya fedha ya nikeli inatoka na shaba nyekundu inatokea.

Shaba hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, nyingi ikitoka Lualaba na Haut-Katanga, na nchi ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Na vipande vidogo vinavyotuliza umeme kwenye kompyuta na simu vinatumia tantali inayotoka kwenye koltani. Machimbo ya Rubaya, humu humu Masisi, yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Tangu mwisho wa Aprili 2024 yako mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema kundi hilo linakusanya huko kodi ya angalau dola 800,000 kwa mwezi. Madini yanatoka hapa; kompyuta inayorudi mara nyingi imekwisha kutumiwa na wengine.

Faida ya msasa ni nini basi? Kwa kawaida ni digrii chache tu, na zaidi kama kifuniko kilikuwa kimepinda sana. Garanti inapotea, maandishi ya kutambulisha prosesa yanafutika, na unga wa shaba ukiingia kwenye soketi unaweza kuunganisha umeme mahali pasipotakiwa. Hata kwa Intel za kizazi cha 12, zilizotoka mwishoni mwa 2021 na kujulikana kwa kupinda chini ya nguvu ya soketi, wengi wanabadilisha tu fremu inayozishika.

Hatari kubwa kwa mafundi wa kwetu iko kwingine. Mashini nyingi vijijini ni zile za kubeba, na prosesa zake hazina kifuniko. Ukifungua radiateri unakutana na silikoni yenyewe, nyeusi na yenye kung'aa. Ukipitisha msasa hapo, umeiua, na hakuna fundi wa Goma atakayeifufua.

Kwa mashini hizo kazi ya kwanza ni vumbi. Vumbi la barabara zetu, na lile la mawe ya volkano upande wa Goma, linaziba mapezi ya radiateri mpaka feni inapuliza bure. Hewa nayo ni nyepesi: kwenye mita 2,000 inabaki karibu asilimia 80 ya uzito wa ile ya pwani, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi. Brashi laini, feni ikishikwa kwa kidole isizunguke ovyo, pasta ya zamani iliyokauka ifutwe kwa alkoli, na pasta mpya yenye ukubwa wa punje ya mchele. Na mashini isiwekwe juu ya kitanda wala blanketi. Matundu ya hewa mara nyingi yako chini.

Mwenye kompyuta ya mezani anayetaka kujaribu msasa aanze na prosesa iliyokwisha kufa.