Chai ya Kukadiria na Chai ya Kupima

Leo tuzungumze habari ya chai, kinywaji ambacho hupikwa karibu katika kila nyumba.

Ukipita nyumba kumi utakuta chai za namna kumi. Huyu hutia majani kwa vidole, yule hupima kwa kijiko. Huyu hupika maji na maziwa pamoja, yule hutia maziwa mwishoni kikombeni. Lakini wengi wetu tunakadiria tu. Mzee mmoja wa hapa kijijini, niliposema habari ya kupima, aliniambia: "Mwanangu, mama yako huyu amenipikia chai miaka yote hii, hajashika kipimo hata siku moja, na chai yake haijanishinda." Nikamjibu, "Ni kweli, mzee." Kwa upande wa utamu mzee yule hakukosea hata kidogo.

Wako watu ambao kazi yao ni kupima chai. Mwaka 1980 Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa kanuni ya kutayarisha chai ya kuonjwa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, ifunikwe, iachwe kwa dakika 6. Kanuni hii haikutungwa ili chai iwe tamu. Ilitungwa ili chai za mashamba mbalimbali, tuseme ya Mufindi na ya Rungwe, zikiwekwa mezani mbele ya waonjaji, tofauti itakayoonekana itokane na majani yenyewe, si na mkono wa mpishi. Nyumbani hatuna haja hiyo. Majani yakizidi, chai itakuwa chungu. Yakipungua, itakuwa maji matupu. Hakuna atakayelazwa kwa sababu hiyo. Lakini katika sufuria hiyo hiyo yako mambo ambayo kuyakadiria kunaleta ugonjwa.

Tuanze na maji. Mpishi wa kukadiria huitazama rangi. Chai ikiwa nyekundu, anasema imeiva. Sasa fanya jaribio hili: chukua maji ya uvuguvugu, tia majani yetu haya yaliyosagwa, ngoja kidogo. Utaona rangi inatoka vizuri, na hali maji hayajachemka! Rangi haituambii lolote kuhusu vijidudu. Maji ya kisimani, mtoni au bwawani hayana budi yachemke hasa, yaani mapovu makubwa yapande na kupasuka juu kwa muda wa dakika moja nzima. Wenzetu wanaokaa milimani, juu ya mita 2,000, wangoje dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto pungufu. Mapovu madogo yanayoshikamana na kitako cha sufuria si kuchemka, wala ule mlio wa sufuria inapoanza kupata moto.

Maziwa nayo ni hivyo hivyo. Wale wanaomiminia maziwa mabichi juu ya chai kikombeni hudhani joto la chai litayaivisha. Halitoshi. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, au vya ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba, na ng'ombe mwenyewe huenda akaonekana mzima kabisa. Mtu akiupata ugonjwa huo huwa na homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, naye mara nyingi hudhani ni malaria. Basi maziwa yapikwe pamoja na maji, au yachemshwe peke yake kwanza. Tena yakifura usiepue papo hapo. Punguza moto, koroga, uyaache yatokote dakika chache. Kisha usiinywe chai ikiwa bado inaunguza ulimi. Mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinaleta kansa ya umio, yaani njia ya chakula. Wale wanaojisifu kwamba wanakunywa ya moto kuliko wenzao, wasikie.

Katika sukari, kukadiria kunatudanganya kwa njia nyingine. Tuseme mama ametia robo kilo ya sukari katika sufuria, akapata vikombe kumi. Robo kilo ni gramu 250, kwa hiyo kila kikombe kina gramu 25, ambazo ni kama vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongeza kwa siku nzima, na ikiwezekana aishie 25. Basi aliyekunywa kikombe kimoja tu asubuhi amekwisha maliza! Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ipike chai bila sukari, kila mtu ajitilie mwenyewe kikombeni kwa kijiko kilichosawazishwa, si cha mlima.

Jambo ambalo mimi nikiwa tabibu msaidizi wa zahanati hunisumbua zaidi ni la wakati wa kunywa chai. Majani ya chai yana kitu kiitwacho tanini, ndicho kinachofanya mdomo ukauke chai ikiwa kali. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha au ugali, huyashika, nayo hayaingii mwilini. Chai ikinywewa pamoja na chakula cha namna hii huweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungepata. Kutia maziwa hakusaidii sana. Na bila chuma mwili hauwezi kutengeneza damu.

Mama mmoja mjamzito alikuja kliniki, viganja vimepauka, anahema kwa kupanda kilima kidogo. Nikamwuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu. "Daktari, sikosi hata siku moja." Nikasema, "Hongera, mama. Unavimeza na nini?" Akasema, "Na chai ya rangi, maana nikimeza na maji matupu vinanichefua." Msomaji, unaona? Mama huyu hakuwa mzembe. Kidonge na chai vilikuwa vinashindana ndani ya tumbo lake, miezi yote. Tulikubaliana avimeze usiku kabla ya kulala, kwa maji, au kwa maji yaliyokamuliwa chungwa, kwa kuwa matunda ya namna hiyo husaidia chuma kuingia mwilini.

Sisemi tuache chai. Najua hakuna atakayenisikiliza! Nasema tuiweke mahali pake. Ukila kiporo cha maharage asubuhi, kunywa maji, kisha ngoja muda wa saa moja hivi kabla ya chai. Ukila muhogo au kiazi kitamu, kinywe na chai. Hasara yake ni ndogo. Mchana na jioni, penye maharage na mboga za majani, chai isiwepo, na ukipata limao, embe au pera ni vizuri zaidi. Hasa wajawazito, wasichana wakubwa na watoto wadogo. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chai hata ya kuonjeshwa; maziwa ya mama yanamtosha. Na kabla hajafikisha miaka miwili, uji na matunda vimfae badala ya kikombe cha chai.

Limebaki moja. Mtoto akiharisha, wazazi wengi humpa chai yenye sukari nyingi ili apate nguvu. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza katika utumbo, na kuhara huongezeka. Hapa ndipo kijiko cha kukadiria kinapoweza kuua. Chukua pakiti ya ORS zahanati pamoja na vidonge vya zinki, uichanganye na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Kama pakiti haipo, pima lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Onja: chumvi isizidi ile ya machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kidogo kidogo, na aendelee kunyonya. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mlete zahanati wakati huo huo, usiku au mchana, huku ukimpa dawa njiani. Itakayobaki baada ya saa 24 imwagwe, itengenezwe nyingine.